Steinmetz: Mkimbizi aliyeuwekea umeme hesabu

KARIBU kila mwanafunzi amesikia habari za Edison na taa yake. Lakini aliyewafundisha wahandisi kupiga hesabu za umeme unaosafiri mbali alikuwa mkimbizi mfupi, mwenye kibiongo, ambaye nusura arudishwe bandarini.

Karl August Rudolf Steinmetz alizaliwa Aprili 9, 1865 mjini Breslau, wakati huo katika Ufalme wa Prussia, leo Wrocław nchini Poland. Chuo kikuu alisifika kwa hisabati, lakini alijiunga pia na wanafunzi wajamaa, ambao serikali ya Bismarck ilikuwa ikiwaandama. Mwaka 1888, masomo ya udaktari yakiwa karibu kwisha, ilimbidi akimbilie Zurich. Shahada ikabaki nyuma.

Mwaka 1889 alishuka melini New York. Maofisa walimwona hana fedha, Kiingereza chake kidogo, na mgongo umepinda. Walitaka kumrudisha. Rafiki aliyesafiri naye, Asmussen, ndiye aliyemdhamini. Ndugu msomaji uliyewahi kusimama mpakani na bahasha ya karatasi mkononi, huna haja ya kuelezwa zaidi. Mimi mwenyewe niliporudi nyumbani, cheti changu cha ugenini kilikaa miezi kwenye meza ya ofisi moja kikingoja kuaminiwa.

Alibadili jina akawa Charles Proteus, akapata kazi kwa Rudolf Eickemeyer, Mjerumani mwenzake aliyehamia Marekani zamani, mwenye kiwanda Yonkers. Hapo alikutana na tatizo lililowasumbua wengi. Katika umeme wa mkondo geu, chuma cha ndani ya transfoma hugeuzwa usumaku wake mara nyingi kila sekunde, na kila mgeuko hula nishati kidogo na kuitoa kama joto. Mafundi walikuwa wakitengeneza mashine kwanza, kisha ndipo wajue hasara. Mwaka 1892 Steinmetz alitoa kanuni ya kuikadiria hasara hiyo mapema. Mwaka uliofuata, Chicago, alionyesha namna ya kutumia namba changamano, na hesabu za mkondo geu zilizohitaji kurasa nyingi zikawa aljebra ya kawaida.

Mkondo geu ndio unaopandishwa volti ukasafiri mbali kisha ukashushwa kwa matumizi. Hata umeme wa Ruzizi II, unaogawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi, unavuka mipaka kwa njia hiyo. Hauulizwi kitambulisho.

General Electric ilipokinunua kiwanda cha Eickemeyer ilimchukua na Steinmetz, akahamia Schenectady. Huko alifundisha Union College. Kama mwalimu, napenda zaidi sehemu hii: alipokuwa mwenyekiti wa bodi ya elimu ya mji, wanafunzi walipewa vitabu bure, wauguzi wakawekwa shuleni, na watoto wa wahamiaji wakafunguliwa madarasa yao maalumu.

Hakuoa, akihofia kurithisha maradhi ya mgongo. Alimfanya msaidizi wake, Joseph Hayden, kuwa mwanawe, akaishi na familia hiyo, na watoto watatu wa Hayden wakawa wajukuu zake.

Mwaka 1922 alitengeneza radi ya bandia maabarani, zaidi ya volti 100,000, ili kujifunza namna ya kuzikinga nyaya na radi ya kweli. Alifariki Oktoba 26, 1923, akazikwa Schenectady. Breslau hakurudi kuishi tena.