Kabla ya Avengers, Nairobi ilikuwa na Akokhan

Hebu nikuulize swali rahisi. Wataje Avengers sita wa ile muvi ya 2012. Najua huhitaji hata kufikiria: Iron Man, Captain America, Thor, Hulk, Black Widow na Hawkeye. Hata katoto ka mtaani Umoja kanawajua. Ukikwama kwenye jam ya Jogoo Road, usishangae mmoja wao akikukodolea macho kutoka nyuma ya nganya ya Buruburu.

Sasa nitajie shujaa mmoja wa vibonzo aliyechorwa na mtu aliyeishi hapa hapa Nairobi.

Kimya, sivyo? Usione haya. Hata mimi ninayejiita shabiki sugu, niliyeacha chuo lakini sijawahi kuacha vibonzo, nilimjua Akokhan nikiwa nimeshachelewa. Aliyemchora alikuwa ameshazikwa. Aliitwa Frank Odoi, na leo nataka nikusimulie habari zake, kwa sababu kuna kitu tunakipoteza hapa mtaani bila kujua.

Odoi alizaliwa mwaka wa 1948 huko Tarkwa, mji wa migodi ya dhahabu magharibi mwa Ghana. Wakati huo nchi yenyewe ilikuwa bado koloni la Uingereza, ikiitwa Gold Coast. Ilipopata uhuru mwaka wa 1957 na kubadilisha jina, yeye alikuwa kijana mdogo tu. Alisomea sanaa jijini Accra, kisha mwishoni mwa miaka ya sabini akafunga safari hadi Kenya. Akakaa. Hakuondoka tena mpaka kifo chake, zaidi ya miaka 30 baadaye. Kwa hivyo ukisikia watu wakimwita Mghana, ni kweli, lakini huyu jamaa alikuwa Mnairobi kuliko wengi wetu.

Fikiria Nairobi aliyoikuta. Hakuna intaneti, hakuna simu ya mkononi. Gazeti moja lilisomwa na watu kumi: likitoka kwa mwenye duka, linaenda kwa kinyozi, mwisho linafungia mandazi. Na watoto hawakuanza na siasa. Walikimbilia vibonzo. Kwenye Taifa Leo kulikuwa na Juha Kalulu wa mzee Edward Gitau. Kulikuwa pia na jarida la Joe, lililoanzishwa mwaka wa 1973 na Hilary Ng'weno pamoja na mchoraji Terry Hirst, likiwachekesha watu wa kawaida wa mjini kuhusu shida zao wenyewe. Nchi ilikuwa ya chama kimoja, na kumchora rais kulikuwa ni kujitafutia balaa. Mchoraji alijifunza kusema mambo kwa kuzunguka.

Odoi alichora katuni za siasa, akachora hadithi, na magazeti ya Nation yakawafikishia wasomaji kazi yake. Vibonzo viwili ndivyo vilivyompa jina.

Cha kwanza ni Golgoti. Unazijua zile hadithi za zamani za mzungu anayeingia msituni Afrika, anakuwa mjanja kuliko kila mtu, na Waafrika wamechorwa kama wajinga wenye midomo mikubwa? Tintin huko Kongo ni mfano mmoja. Odoi alikigeuza kibao. Kwenye Golgoti, mzungu ndiye anayejikuta katika Afrika asiyoielewa, na kichekesho kinamwangukia yeye. Bila kuhubiri, Odoi alimwonyesha msomaji jinsi ule uongo wa zamani ulivyotengenezwa.

Cha pili ni Akokhan, na hapa ndipo shabiki wa Marvel anapaswa kukaa sawa. Ni hadithi ya nguvu zisizo za kawaida, ya Akokhan na hasimu wake Tonkazan, iliyojengwa juu ya imani na masimulizi ya Kiafrika. Hakuna maabara iliyolipuka, hakuna buibui aliyemuuma mtu. Nguvu zinatoka kwenye mambo ambayo nyanya yako angeyatambua mara moja, hata kama angekataa kuyazungumzia usiku. Hadithi hiyo ilitoka hadi kwenye jarida la BBC la Focus on Africa, na kazi za Odoi zikachapishwa mpaka Denmark na Finland.

Sasa turudi kwenye ile muvi. Mimi naipenda Avengers, nisikudanganye. Niliitazama mara ya kwanza kwenye kibanda cha video, tumebanana kama abiria wa saa kumi na mbili jioni, na Hulk alipomshika Loki na kumpiga sakafuni kama nguo chafu, kibanda kizima kilisimama. Lakini ukiniuliza kwa nini inafanya kazi, sitakuambia ni milipuko. Lile jeshi linalotoka angani kuvamia New York halina sura wala sababu. Kinachokushika ni watu sita wasioelewana, wanaotukanana kama majirani wanaogombania kamba ya kuanikia nguo, halafu wanalazimika kusimama pamoja. Na unawajali kwa sababu wengi wao ulishakutana nao kwenye muvi zilizotangulia.

Pia mwangalie Thor vizuri. Thor ni nani? Ni mungu wa radi wa watu wa kale wa Skandinavia. Loki vilevile. Yaani kuna mtu alichukua imani za mababu wa watu fulani, akazivika kofia na nyundo, na leo wewe wa Kayole unavaa fulana yake. Alichofanya Marvel kwa Thor ndicho alichofanya Odoi kwa masimulizi yetu. Wazo lilikuwa la ukubwa ule ule. Tofauti ni kwamba muvi ile iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.5, na Akokhan akabaki kwenye karatasi za kufungia.

Usidhani huko Marekani wachoraji walikula raha. Jack Kirby, mtoto wa wahamiaji kutoka mtaa wa maskini New York, ndiye aliyechora toleo la kwanza la Avengers mwaka wa 1963, akishirikiana na Stan Lee. Miaka mitatu baadaye wakamleta Black Panther. Kirby alikufa mwaka wa 1994, na familia yake ilielewana na Marvel kuhusu haki za kazi zake mwaka wa 2014 tu. Mchoraji anaweza kuujaza ulimwengu mashujaa na bado apigwe chenga.

Tarehe 21 Aprili 2012, siku ya Jumamosi, Frank Odoi alifariki katika ajali ya matatu hapa Nairobi. Alikuwa na miaka sitini na kitu. Siku nne baadaye, tarehe 25, Avengers ilianza kuonyeshwa katika nchi kadhaa duniani. Kila nikizitazama tarehe hizo mbili nanyamaza kidogo. Mtu aliyechora viumbe visivyoshindwa aliondoka kama wanavyoondoka majirani zetu wengi, ndani ya gari tunalopanda kila siku.

Hakuacha uwanja mtupu. Tangu 2010 tumekuwa na Shujaaz, kibonzo cha Sheng kilichogawanywa bure ndani ya gazeti, na Boyie wake mwenye redio ya siri anafanana na kijana yeyote wa ploti yenu. Mwaka wa 2018 Black Panther ilizinduliwa Kisumu na watu wakavaa kama wako Wakanda. Lakini Wakanda ilibuniwa New York. Kiu tunayo, tatizo ni kwamba hatuwajui wa kwetu waliotangulia.

Kwa hivyo nakuomba mambo mawili. Wewe unayechora, hata kama ni nyuma ya kitabu cha hesabu au ubavuni mwa matatu, weka jina lako kwenye kazi, na ukipewa karatasi ya kutia sahihi, isome mpaka mwisho. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyehifadhi magazeti ya zamani chini ya kitanda, usiyapeleke kwa mama mandazi. Tafuta ukurasa wa vibonzo kwanza.