Mahatma Gandhi na Nguo ya Mkono

Mohandas Karamchand Gandhi, aliyeitwa na watu wake Mahatma, yaani Mwenye Roho Kuu, alizaliwa Porbandar, katika nchi ya Gujarati, tarehe 2 Oktoba 1869. Tangu kale pepo za kaskazi zilileta majahazi ya Gujarati, yenye shehena za nguo, hata pwani hii yetu. Naye mwaka 1893, akienda Afrika Kusini kwa kazi ya uwakili, alipita Lamu, Mombasa na Unguja. Alirejea kwao mwaka 1915.

Bara Hindi ilikuwa ikilima pamba, ikiiuza ghafi, kisha ikinunua nguo za viwanda vya Uingereza. Wafumi wengi walikuwa wamepoteza kazi yao. Mahatma alikwisha kuisifu nguo ya mkono kabla yeye mwenyewe hajapata kuliona gurudumu la kusokotea uzi. Wala hakuona haya kulikiri jambo hilo.

Huko Ahmedabad, yeye na wenzake walianza kufuma. Lakini uzi waliununua viwandani, na kwa hiyo walikuwa bado chini ya wenye viwanda. Mjane mmoja, Gangaben Majmundar, alitafuta sana hata akayakuta magurudumu Vijapur, yamewekwa darini. Wanawake wa huko walikubali kusokota kwa masharti mawili: waletewe pamba iliyokwisha kuchambuliwa, na uzi wao upate mnunuzi.

Nguo ya kwanza, iitwayo khadi, ilikuwa na upana wa inchi 30 tu, na yadi moja iligharimu ana 17, yaani zaidi ya rupia nzima. Upana huo haukumfaa mwanamume kwa shuka, sembuse mwanamke kwa sari, ambayo huhitaji upana wa kutosha na urefu wa yadi 5 au zaidi. Mahatma alimwarifu Gangaben kwamba asipopata nguo ya inchi 45 katika muda wa mwezi mmoja, atavaa hiyo fupi. Bibi huyo aliipata kabla ya mwezi kwisha. Baadaye sari za khadi zikawa vazi la kila siku la wanawake wengi.

Hata hivyo maskini walilalamika kuwa khadi ni ghali. Mahatma hakuwakemea. Mwezi Septemba 1921, mjini Madurai, aliacha mavazi yake akabaki na kipande cha nguo kiunoni, ili asivae zaidi yao. Mwaka 1925 kiliundwa chama cha wasokotaji cha Bara Hindi nzima, cha kugawa pamba, kulipa ujira na kuuza nguo. Mwaka 1931 alikwenda Lancashire, akakutana na wafanyakazi walioumizwa na mgomo wa kutonunua nguo zao, nao wakampokea kwa heshima.

Mkewe, Kasturba, alifariki kifungoni tarehe 22 Februari 1944, akavikwa sari iliyofumwa kwa uzi uliosokotwa na mumewe. Mahatma mwenyewe aliuawa Delhi tarehe 30 Januari 1948.

Ndugu wanachama, hata mtu mashuhuri kama huyu hakuweza kupata yadi moja ya nguo peke yake. Alimhitaji mkulima, mchambuaji, msokotaji, mfumi na mnunuzi mwaminifu. Mtande bila mshindio haujawa nguo. Na mazao ya mkulima mmoja mmoja hayajawa nguvu ya wakulima, mpaka yakusanywe, yapimwe kwa haki na kuuzwa pamoja.