Volta na gesi ya matope

Dunia inamkumbuka Alessandro Volta kwa betri aliyoitangaza mwaka 1800. Matope yake yamesahaulika. Novemba 1776, mwalimu huyo mzaliwa wa Como, Italia, alivuruga tope kando ya Ziwa Maggiore kwa fimbo, akayakinga mapovu kwa chupa iliyojaa maji na kuiwasha hewa hiyo. Ikawaka buluu. Alitambua inatokana na mimea na wanyama waliooza. Ndiyo methani, ambayo wafanyabiashara wa Goma na Rubavu wanaisikia kila siku: imo chini ya Ziwa Kivu, na Rwanda inaigeuza umeme. Kwingineko huvunwa kwenye samadi na taka, ikachujwa kabonidioksidi, ikauzwa viwandani kupitia mabomba. Volta aliishia kuilipua kwenye bastola ya cheche, kisha akahamia betri. Alifariki Como mwaka 1827.