Sura ya Kwanza: Maisha ya Elspeth Huxley, Mwandishi wa The Flame Trees of Thika

Mwanafunzi mpendwa, kabla hujaingia katika muhtasari wa kitabu, mfahamu kwanza mwandishi. Wanafunzi wengi huiruka sehemu hii wakidhani haina alama. Kwa kitabu hiki, kufanya hivyo ni hasara. Mtoto anayekusimulia habari za Thika ndiye mwandishi mwenyewe, na usipoyajua maisha yake hutaweza kutenganisha yale aliyoyaona na yale aliyoyaunda.

Kuzaliwa na utoto

Elspeth Grant alizaliwa London tarehe 23 Julai 1907. Huxley ni jina alilolipata kwa ndoa. Ikiwa unasomea Ogembo au kwingineko Gusii, uweke mwaka huo akilini. Januari 1908, Elspeth akiwa mtoto wa miezi sita hivi, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa Waingereza ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Jeshi la kikoloni lilikuja kulipiza kisasi, likachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Kwa hiyo mtoto huyu alikua katika kizazi kilekile ambacho babu wa babu zako walikuwa wakiona utawala mgeni ukiingia kwa bunduki. Utakapofika kwenye dhamira ya ukoloni, tarehe hizi mbili zitakusaidia.

Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walikuwa watu wa ukoo mkubwa lakini mfuko mwembamba. Mwaka wa 1912 walihamia Thika kuanzisha shamba la kahawa, wakitumaini kwamba ardhi ya Kenya ingewarudishia walichopoteza Uingereza. Kitabuni wanaitwa Robin na Tilly. Kitabu kinaanza na safari ya kutoka Nairobi kwa gari la kukokotwa na maksai wanne, na mtoto yumo ndani ya gari hilo. Katika maisha halisi, wazazi walitangulia, naye Elspeth akawafuata Desemba 1913 akiwa na umri wa miaka 6, pamoja na mwalimu wake wa nyumbani na mjakazi. Umeona tofauti hiyo? Mwandishi hakudanganya, alipanga upya kumbukumbu zake ili zisomeke kama riwaya. Ndiyo sababu katika majibu yako unashauriwa kukiita kitabu hiki kumbukumbu iliyosimuliwa kwa mbinu za riwaya, wala si historia.

Majirani wa vituko

Thika ya wakati huo haikuwa mji wa viwanda unaoujua leo. Ilikuwa hoteli moja, maduka machache, na walowezi waliotawanyika mashambani. Ukiondoa safari na kilimo, kitabu kizima kinahusu majirani. Yupo Hereward Palmer, afisa wa jeshi mwenye majivuno, na mkewe Lettice, mrembo asiyetulia, anayewalea vijibwa vyake kama watoto. Yupo Piet Roos, mwindaji Kaburu. Yupo Bi Nimmo, muuguzi kutoka Uskoti, ambaye mumewe huonekana kwa nadra kwa kuwa daima yuko porini akiwinda ndovu. Watu hawa, ambao kwao wasingepikika chungu kimoja, wamelazimika kukopeshana vitu, kuuguzana na kusengenyana.

Wapo pia Sammy, msimamizi wa shamba, na Njombo, kijana Mkikuyu, ambao ugomvi wao unafikia mambo ya uchawi huku Robin na Tilly wasijue la kufanya. Yupo Juma mpishi, Mswahili anayewadharau watu wa bara. Soma sehemu hizi polepole. Mwandishi anawacheka Wazungu kuliko anavyowacheka Waafrika, lakini angalia pia ni nyumba za nani anazoingia. Za Palmer anaingia hadi chumbani. Za Njombo mara nyingi anaziona kutoka nje.

Shule na ndoa

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka wa 1914, majirani walitawanyika, na hapo ndipo kitabu kinapofikia tamati. Elspeth alipelekwa shule ya bweni Uingereza, asiipende hata kidogo. Baada ya vita alirudi Kenya. Familia ilihamia Njoro, na huko, akiwa bado msichana mdogo, alianza kuandikia magazeti habari za mchezo wa polo kwa jina la kubuni. Mwaka wa 1925 alikwenda kusomea kilimo katika Chuo Kikuu cha Reading, kisha Cornell, Marekani. Mwaka wa 1931 aliolewa na Gervas Huxley, wa ukoo uleule wa mwandishi Aldous Huxley. Makao yao ya kudumu yakawa Uingereza. Mama yake alibaki Njoro, na barua za mama huyo zilimfanya Elspeth asiache kuifuatilia Kenya.

Vitabu na msimamo wake

Kitabu chake cha kwanza, White Man's Country, kilitoka mwaka wa 1935. Ni maisha ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, na kinawatetea walowezi waziwazi. Miaka minne baadaye alitoa Red Strangers, riwaya inayofuata vizazi vya familia moja ya Wakikuyu tangu kabla ya Wazungu kuja. Ili kuiandika aliishi kwa muda miongoni mwa Wakikuyu akiwahoji wazee, na alikuwa amehudhuria masomo ya anthropolojia ya Malinowski jijini London, ambako Jomo Kenyatta pia alikuwa mwanafunzi. Mchapishaji wake alimtaka apunguze maelezo ya tohara ya wasichana. Alikataa, akakipeleka kitabu kwa mchapishaji mwingine.

Linganisha vitabu hivyo viwili, nawe utamwona mwandishi anayevutana na nafsi yake. Alitaka kuiona Kenya kwa jicho la Mwafrika, lakini hakuwa tayari kuona ardhi ikirudi kwa Mwafrika upesi. Katika miaka ya 1940 alibishana kwa barua na msomi Margery Perham kuhusu hatima ya Kenya, na barua hizo zikachapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1944. Perham aliwatilia shaka walowezi, Huxley aliwatetea. Baadaye msimamo wake ulilegea, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikubali kwamba utawala wa Waafrika haukwepeki.

The Flame Trees of Thika kilitoka mwaka wa 1959. Jina lake linatokana na kifabakazi, mti wenye maua mekundu kama moto ambao wengi wetu huuita Nandi flame. Ni kitabu kitamu, chenye mwanga wa asubuhi na ucheshi wa mtoto. Lakini mwaka huohuo, mwezi wa Machi, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Kenya ilikuwa bado katika hali ya hatari. Kitabu hakisemi neno kuhusu hayo, kwa kuwa kinahusu miaka ya kabla ya 1915. Hata hivyo, msomaji makini hujiuliza ni kwa nini wasomaji wa Uingereza walikipenda sana kitabu cha utoto usio na hatia wakati huo hasa.

Kutoka kitabuni hadi televisheni

Mwaka wa 1981 kampuni ya Thames Television ya Uingereza ilikigeuza kitabu kuwa tamthilia ya sehemu 7, iliyopigwa picha hapa Kenya. Hayley Mills aliigiza Tilly, naye Holly Aird, aliyekuwa bado mtoto, akaigiza Elspeth. Mwandishi alikuwa na umri wa miaka 74 alipoonyeshwa utoto wake kwenye kioo.

Zingatia kilichobadilika. Kitabuni, msimulizi ni mtoto anayesikiliza mazungumzo ya wakubwa bila kuyaelewa yote, na msomaji ndiye anayekamilisha maana. Kamera haiwezi kujificha nyuma ya ujinga wa mtoto; inaonyesha kila kitu. Kwa hiyo mapenzi ya Lettice na Ian Crawfurd, ambayo kitabuni tunayanusa tu, katika tamthilia yanasimama wazi. Swali la kulinganisha kitabu na tamthilia likija, anzia hapo.

Miaka ya mwisho

Mama yake aliondoka Njoro mwaka wa 1965 akahamia Ureno, akafariki mwaka wa 1977. Elspeth alizikusanya barua zake akazichapisha mwaka wa 1980. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 10 Januari 1997 akiwa na umri wa miaka 89.

Kwa nini maisha haya yakuhusu?

Kahawa ambayo familia ya Grant ilipanda Thika mwaka wa 1912 ilikuwa zao la Mzungu. Kwa miaka mingi serikali ya kikoloni ilimzuia Mwafrika kuikuza kwa biashara. Ruhusa ilianza kutolewa kwa majaribio katika miaka ya 1930, na Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza, pamoja na Embu na Meru. Ukipita kando ya mibuni ukienda shuleni, unapita kando ya jambo lililokataliwa kwanza, kisha likadaiwa, kisha likapatikana.

Basi, kisome kitabu hiki kwa moyo uliofunguka na macho yaliyofunguka. Mpe mwandishi haki yake: alijua kuona, na aliwapenda watu aliowaandika. Kisha umuulize Njombo angesimulia vipi habari zilezile. Mtahini hatakupa alama kwa kumsifu wala kwa kumtukana Huxley. Atakupa kwa kuthibitisha hoja yako kutoka kitabuni.

Maswali ya marudio

1. Eleza tofauti mbili kati ya maisha halisi ya Elspeth na yale ya msimulizi. Tofauti hizo zinajenga nini katika usimulizi?
2. Kwa kuwarejelea majirani watatu, onyesha jinsi mwandishi anavyotumia vituko vyao kuwakejeli walowezi.
3. Mhoji mzee wa kijijini kwenu kuhusu jirani mmoja wa zamani. Andika habari hizo kwa nafsi ya kwanza, kama zinavyosimuliwa na mtoto wa miaka 6.