Stanley: Jina la kuazima juu ya milima ya Rwenzori

Magharibi mwa Kahendero, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George wilayani Kasese, imeinuka milima ya Rwenzori. Mlima mrefu kuliko yote hapo, wenye kilele cha mita 5,109, unaitwa Stanley. Hata hivyo, mwenye jina hilo hakulirithi kwa baba wala kwa babu.

Alizaliwa mwaka 1841 mjini Denbigh, Wales, nje ya ndoa, akasajiliwa kwa jina la John Rowlands. Mama yake, Elizabeth Parry, hakumlea. Akiwa na umri wa miaka sita alipelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph, akakaa huko hadi 1856. Miaka mitatu baadaye alifika New Orleans, Marekani, akiwa mtumishi wa meli. Hapo ndipo alipojichukulia jina la mfanyabiashara Henry Hope Stanley. Baadaye alidai kuwa tajiri huyo alimfanya mwanawe, dai ambalo wanahistoria wengi wanalitilia shaka.

Jina lenyewe ni la kale. Maana yake katika Kiingereza cha zamani ni mahali peupe penye mawe katikati ya msitu. Ukoo wa makabaila wa Stanley ulilipata kutokana na kitongoji cha Staffordshire, na tangu 1485 wakuu wake hurithishana cheo cha Erli wa Derby. Mtoto wa Denbigh hakuwa wa damu yao.

Kwa jina hilo la kuazima alimfikia Livingstone huko Ujiji mwaka 1871, akapokelewa na Kabaka Mutesa mwaka 1875, na mwaka 1889 akapita Katwe pamoja na Emin Pasha wakielekea Bagamoyo. Kati ya 1879 na 1884 alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji nchini Kongo, akaufungulia njia utawala uliowatesa watu kwa ajili ya mpira. Wakongo walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe.

Alifariki London mwaka 1904, na jina hilo la Kikongo likachongwa kwenye kaburi lake Pirbright. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia aliupa mlima jina la Stanley.

Miongoni mwa Wakonzo, jina humwonyesha mtoto nafasi yake nyumbani: Mumbere ni mwana wa kwanza wa kiume, Bwambale ni wa pili. Rowlands aliikosa nafasi hiyo kwao. Jina alilojitwalia limebaki juu ya milima ambayo wenyeji, kabla yake na hata leo, huiita Rwenzururu, mahali pa theluji.