Edwin Link: Fundi wa vinanda aliyeifundisha miguu ya marubani

Mwaka 1920 kijana mmoja wa Marekani alilipa dola 50 ili afundishwe kurusha ndege. Rubani alimpandisha angani, akapinduapindua ndege kwa mbwembwe, kisha akamrudisha chini. Muda wote huo kijana hakuruhusiwa kugusa chochote cha kuongozea ndege. Ni sawa na mfanyabiashara aliyelipia mzigo asikabidhiwe.

Kijana huyo ni Edwin Albert Link, aliyezaliwa Huntington, jimbo la Indiana, mwaka 1904. Alikulia Binghamton, jimbo la New York, ambako baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda. Humo alijifunza ufundi wa pampu, vali na mivukuto inayopeleka hewa kwenye kinanda.

Link aliendelea kutafuta urubani, lakini gharama ilimsumbua. Kila saa ya mazoezi ilihitaji ndege, mafuta na mwalimu, na kosa dogo lingeweza kuua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alianza kuunda mashine ya kujifunzia ardhini, akitumia vifaa vya kiwanda cha baba yake.

Alitengeneza kijindege kifupi na kukiweka juu ya mivukuto. Mwanafunzi akisukuma au kuvuta usukani wa mkono, vali zilifunguka, mivukuto ikajaa au kunywea, na chombo kikainama. Akikanyaga pedali, chombo kizima kiligeuka kushoto au kulia. Katika ndege halisi, pedali husogeza usukani wa mkia, ambao huelekeza pua ya ndege. Rubani huutegemea sana anapokimbia kwenye njia ya kurukia, na anapotua huku upepo ukivuma kutoka ubavuni.

Soko lilikuwa gumu. Uchumi ulikuwa umeanguka, na wengi waliiona mashine hiyo kuwa mchezo wa watoto. Link aliuza baadhi kwa viwanja vya burudani.

Mambo yalibadilika mwaka 1934, jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege. Ndani ya wiki chache marubani kadhaa walikufa, wengi wakiwa hawajazoea kuruka usiku au katika hali mbaya ya hewa. Maofisa walipokutana na Link katika uwanja wa Newark, yeye alifika akirusha ndege mwenyewe katika hali mbaya ya hewa, kwa kutegemea vipimo tu. Mwezi Juni jeshi liliagiza mashine sita, kila moja dola 3,500. Katika Vita Kuu ya Pili zilitengenezwa zaidi ya 10,000, na mamia ya maelfu ya wanajeshi wa anga walizitumia.

Baadaye Link aligeukia utafiti wa chini ya bahari. Mwaka 1973 mwanawe, Clayton, alifariki katika chombo cha kuzamia ambacho baba yake alishiriki kukibuni. Link mwenyewe alifariki Binghamton mwaka 1981.

Leo mashine za kuigiza urubani zimeingia majumbani kupitia kompyuta, na pedali zinauzwa kama bidhaa ya kawaida. Anayezinunua, iwe kwa kutumia au kuuza tena, ana mambo ya kukagua. Kwanza ni uzito: pedali nyepesi za plastiki huteleza sakafuni, na mguu haujifunzi kitu. Pili ni ulaini: zikikwama katikati, mtumiaji hukanyaga kupita kiasi. Tatu ni breki za ncha ya mguu, kwa sababu katika ndege nyingi kila gurudumu kuu hufungwa breki kwa pedali ya upande wake. Nne ni kipimo cha ndani: cha kusuguana huchakaa na kuanza kurukaruka, ilhali cha sumaku hudumu zaidi. Mwisho ni waya: baadhi ya pedali huchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta, nyingine huhitaji usukani wa kampuni ileile.

Mnunuzi akae, azikanyage mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Link alilipa dola 50 bila kupata nafasi hiyo.