MCHUNGAJI ALIYEBEBA SURURU

Kwa toleo hili la kumbukumbu tumeona vema kumkumbuka Mchungaji Jean-Frédéric Oberlin, aliyefariki zamani sana, lakini kazi zake zinafanana na zetu za kila siku.

Alizaliwa mwaka 1740 mjini Strasbourg, mashariki mwa Ufaransa. Alikuwa amekwisha kukubali kwenda kuhudumu jeshini, ndipo Mchungaji Stuber alipokuja kumwomba apokee usharika wake wa milimani. Alimkuta amelala katika chumba kidogo cha juu, akiumwa jino. Mwaka 1767 Oberlin akafika Waldersbach, katika milima ya Vosges.

Huko palikuwa na umaskini mkubwa. Udongo haukuzaa vizuri, baridi ilikuwa ndefu, na njia ya kufika sokoni ilikuwa mbovu mno. Oberlin aliwaita waumini wake, akawaeleza kwamba lazima wapasue miamba, wachimbe barabara na kujenga daraja juu ya mto Bruche. Walikataa. Walisema haiwezekani. Basi mchungaji akachukua sururu begani, akatangulia yeye mwenyewe kuchimba. Sisi tuliochimba mitaro ya kambi hii tunajua sururu ina uzito gani, hasa mbele ya watu wanaokutazama tu. Lakini walimfuata, na barabara ikapatikana.

Kwake kazi hiyo haikuwa pumziko la kazi ya kanisa. Kutengeneza njia ambayo jirani atapita bila kuvunjika mguu ilikuwa ni ibada, sawa na kuhubiri Jumapili. Hata vijana wa kipaimara aliwadai kwanza wapande miti.

Kwa habari ya kilimo, viazi vya pale vilikuwa vimedhoofika, naye akatafuta mbegu mpya. Hakuitisha semina (watumishi wa mashirika watusamehe). Alilima bustani yake kando ya njia wanayopita watu, akanyamaza. Walipoona mazao, wakaanza kuuliza wenyewe.

Watoto wadogo aliwawekea akina mama na wasichana wa kuwalea na kuwafundisha, huku wakijifunza kufuma. Mmoja wao alikuwa Louise Scheppler, mtumishi wa nyumbani kwake. Mke wa Oberlin alipofariki mwaka 1783, Louise alibaki kuwalea watoto wa marehemu. Baadaye akaomba asilipwe tena mshahara, bali ahesabiwe kuwa mtoto wa nyumba ile.

Yalipotokea Mapinduzi ya Ufaransa mwaka 1789 na miaka iliyofuata, nyumba ya mchungaji ikawa kimbilio la watu wa madhehebu mbalimbali. Ibada zilipokatazwa, aliwakusanya watu kanisani kwa jina la mkutano wa wananchi, akaendelea kuwafundisha. Mwaka 1794 alikamatwa, akaachiliwa baada ya muda mfupi.

Alifariki tarehe 1 Juni 1826, akiwa na umri wa miaka 85, akazikwa Fouday, kijiji kimojawapo cha usharika wake. Wakatoliki nao walikuja kumzika.

Louise aliishi hadi mwaka 1837. Mwaka 1829 Chuo cha Wanazuoni cha Ufaransa kilimpa tuzo ya faranga 5,000 kwa wema wake. Fedha hizo alizitumia kwa ajili ya maskini.